Sahani Kabla ya Mizani

Vijana wangu mliobaki kazini mmeniomba niandike, na mimi sina hiana. Niliyoyafanya kwa miaka ishirini na minane ni ya namna mbili: yaliyomo kwenye mafaili, ambayo mkiwa na subira mnaweza kuyasoma wenyewe, na yasiyoandikwa popote. Nitasema haya ya pili. Habari za nani alipandishwa cheo na nani alirukwa mwulizeni mtu mwingine. Mimi nilirukwa mara kadhaa na bado napata usingizi mzuri.

Nilikuwa muuguzi, na kazi yangu hasa ilikuwa akina mama wanaonyonyesha: wanakula nini, wanakunywa nini, miili yao inarudishaje nguvu baada ya uzazi. Kwetu ni Mwingi. Baba alikuwa mkulima wa ndengu, kanisani tulikaa benchi la mbele, na bahari nilikuwa nimeiona kwenye kalenda tu. Nilipopewa barua ya kwenda kisiwa cha Pate, kwenye zahanati ya kijiji kilicho mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Siyu, mama aliniuliza kama watu wa huko wanakula chakula cha kawaida. Nikamwambia ndiyo, na kama hawali nitawafundisha. Ndivyo nilivyokuwa siku hizo za usichana.

Siku ya kwanza maji yalikuwa yamekupwa. Boti ilikwama kwenye tope karibu na mikoko, nahodha akatuambia tushuke bila hata kuomba radhi. Nilishuka na viatu vyangu vyeusi vya kazi, vilivyong'arishwa jana yake. Kimoja kilibaki topeni, na nadhani kiko huko mpaka leo. Nikaingia zahanati na kiatu kimoja, mizani kichwani, picha ya chakula bora nimeikunja kwapani. Akina mama watano walikuwa wamekaa kwenye mkeka wakinisubiri. Hawakucheka. Walinitazama miguu, wakatazamana, mmoja akanisogezea kopo la maji nioshe. Nimepokelewa na wakubwa mbalimbali tangu siku hiyo, wengine kwa hotuba, lakini hakuna aliyenipokea vizuri kuliko hivyo.

Mizani ile niieleze, maana nyinyi mmezoea ya betri. Ilikuwa ya kuning'iniza, ina uso wa duara kama saa ya ukutani na mshale mwekundu. Unaifunga kwenye boriti, unamvisha mtoto kaptura ya turubai yenye mikanda, unamtundika. Mtoto analia, mshale unacheza, na wewe unasubiri mpaka wote wawili watulie. Nilifundishwa kuipenda mizani kuliko mdomo wa mtu, kwa sababu mizani haisemi uongo. Ni kweli haisemi uongo. Ila pia haisemi mengi, na hilo lilinichukua mwaka mzima kulijua.

Ile picha nayo niliibandika ukutani siku hiyo hiyo. Ilionyesha sahani ya mama anayenyonyesha: sukuma wiki, yai, glasi ya maziwa, nusu ya parachichi. Mama wa kwanza aliitazama kwa adabu, akauliza lile tunda la kijani ni nini. Nikamweleza parachichi na faida zake zote. Akauliza nimekuja nayo mangapi.

Makosa yangu ya mwanzo yalikuwa mawili, na nayasema yote mawili kwa sababu nimeshaona mmoja wenu akielekea huko huko.

La kwanza ni la mizani. Wiki ya pili aliletwa mtoto wa miezi minne, mnono, ana mikunjo mikononi. Nilifurahi kweli. Nikasoma kilo zake kwa sauti ya kanisani, nikasema mbele ya mkeka mzima kwamba huyu ndiye mtoto mnene kuliko wote na wenzake waige. Mama yake alimvua kaptura haraka haraka, akamfunika kwa leso mpaka uso, akaondoka hata kadi hakuichukua. Nilidhani ana haraka ya kupika. Kesho yake mtoto akashikwa na homa. Keshokutwa yake mkeka wangu ulikuwa mtupu.

Nikajaribu kurekebisha kwa kosa la pili. Niliwapata akina mama wanne wasio na habari zangu, wametoka mashambani, nikawaambia leo tutafanya mazoezi. Niliwapanga uani mwa zahanati, nikawainua mikono, nikawainamisha, moja, mbili, tatu. Sikuangalia saa. Sala ya adhuhuri ilikuwa imekwisha, na njia ya kutoka msikitini inapita hapo hapo mbele ya ua, ambao ulikuwa na ukuta wa kufikia kiunoni. Wanaume walipita wakitazama chini kwa heshima, jambo lililokuwa baya kuliko kama wangetazama. Wale akina mama wanne walijifunika, wakaondoka mmoja mmoja, na nikabaki nimeinua mikono peke yangu.

Wiki tatu sikuona mtu. Nilipangusa mizani kila asubuhi na kuandika sifuri kwenye daftari. Nilianza kuandika barua ya kuomba uhamisho, na ilikuwa barua nzuri.

Aliyeizuia barua hiyo ni Bi Mwanate. Alikuwa mkunga wa kijiji, mjane wa makamo, mfupi, mkavu, shavuni daima pana tambuu. Karibu kila mtu pale chini ya umri wa miaka thelathini alipokelewa na mikono yake. Niliambiwa ndiye aliyewakataza akina mama wasije kwangu, kwa hiyo nilipomwona mlangoni nilijikaza kisabuni. Hakunisalimu sana. Alikwenda moja kwa moja kwenye mizani, akaishika ndoana, akaivuta chini, akatazama mshale ukizunguka.

"Hii sina ugomvi nayo," akasema. "Ugomvi wangu ni wewe. Wamsifu mwana wa watu mbele za watu, humtayi Mngu?"

Ndipo akanieleza, kwa subira ya mtu anayemfundisha kipofu njia ya kisimani, kwamba mtoto hasifiwi hivi hivi tu. Unasema Mashaallah kwanza, kisha ndipo useme ulilonalo. Bila hivyo umemwacha wazi kwa kila jicho lililopo. Na kilo za mtoto wa mtu hazitangazwi. Zinasemwa kwa mama yake, nyuma ya pazia. Nilitaka kumweleza habari za viini vya homa. Kwa bahati nzuri siku hiyo nilikuwa nimechoka kubishana, nikamwuliza tu pazia nitalipata wapi. Akavua leso ya juu aliyojitanda, akabaki na ya pili, akaitundika mwenyewe.

Kesho yake walikuja wawili, na kufikia mwisho wa mwezi mkeka ulijaa. Nilikuwa nasema Mashaallah hata nikipima unga.

Tangu hapo nilimfuata Bi Mwanate nyumba kwa nyumba, mimi na mfuko wangu, yeye na tasbihi yake na kikopo cha tambuu. Alinifundisha arubaini, zile siku arubaini ambazo mzazi, yaani mwanamke aliyejifungua, hukaa ndani akitunzwa. Tumbo linafungwa mkaja, ile nguo ndefu ya kulibana. Anapikiwa uji wa pilipili manga. Hatoki, hainui kitu. Na kwa sheria ya Bi Mwanate, aliyoipokea kwa mama yake, mzazi hali samaki kwa kuwa shombo lake huingia kwenye maziwa, na hanywi maji mengi kwa kuwa tumbo halitarudi. Nyumba nyingine zilikuwa na sheria zao, lakini upande ule wa kijiji sheria ilikuwa ya Bi Mwanate.

Katika nyumba zenye uwezo niliona wazazi wanang'aa. Kuku leo, kuku keshokutwa, samli kwenye uji, simsim iliyotwangwa na sukari. Nikaandika kwenye ripoti yangu kwamba arubaini ni desturi njema, na ni njema kweli, ningependa na mimi nifanyiwe. Katika nyumba nyingine niliona wazazi wamekonda, midomo imekauka, watoto wanalialia. Nikaandika kwamba hao wanahitaji elimu. Nilipima watoto wao, nikasoma nambari, nikafunga daftari.

Mwaka wangu wa kwanza ulipokuwa unaisha, binti yake Bi Mwanate, Mwanahawa, alijifungua mtoto wake wa kwanza kwa mamake. Msichana. Wakamwita Aziza. Mumewe Mwanahawa alikuwa mkata mikoko, kazi yake ya mwezi huku na mwezi huku, na wakati huo alikuwa mbali. Nyumba ilikuwa ya udongo na makuti, safi kama kikombe, na Bi Mwanate alikuwa akiiendesha kwa kusuka mikeka, kwa sababu ukunga ulilipwa zaidi kwa dua.

Aziza alizaliwa na kilo mbili na gramu mia tisa. Siku ya saba alikuwa amepungua kidogo, ambalo ni jambo la kawaida. Siku ya kumi na nne alipaswa kuwa amerudi pale alipoanzia. Hakurudi. Siku ya ishirini na moja nilitundika mizani kwenye boriti ya nyumba ile, nikasema Mashaallah, nikasubiri mshale utulie. Kilo mbili na mia sita.

Ngozi ya mapaja ilikuwa imelegea. Hakuwa na homa, alikuwa anashika titi, lakini ananyonya kidogo na kulala, ananyonya kidogo na kulala. Mwanahawa alikuwa na miaka kumi na tisa na macho yameingia ndani. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama mtoto atakufa. Nilimwambia hapana, upesi mno, kama mtu asiyejua.

Kwenye rafu palikuwa na mkebe wa maziwa ya unga, mmoja, ambao baba wa mtoto ameutuma na mtu. Nilijua utaishaje: utakorogwa mwepesi ili ufike mwisho wa mwezi, kwa maji ya kisima, kwa chupa isiyochemshwa. Niliwahi kuona mtoto wa mkebe wa aina hiyo, na sitaki kumweleza hapa. Lakini pia nilijua kwamba mambo yakibaki kama yalivyo tutamzika Aziza kabla ya arubaini yake, na kijiji kizima kitasema mkunga ameshindwa na mjukuu wake mwenyewe. Bi Mwanate alilijua hilo kabla yangu. Tambuu haikuwemo shavuni.

Nikatoa daftari niandike ile nambari. Na hapo, sijui kwa nini siku hiyo na si siku nyingine zote zilizopita, nikauliza swali ambalo sikuwahi kuliuliza katika nyumba yoyote kwa mwaka mzima.

"Bi, Mwanahawa jana alikula nini?"

Bi Mwanate akanitazama kama nimemvulia nguo. Akajibu, uji. Na mchana? Chai na mkate. Na jioni? Uji ule ule. Maji? Kikombe. Na mtoto akilia alfajiri? Akasema humchukua yeye na kumpa vijiko vya maji ya sukari, ili mamake apumzike.

Jirani alikuwa anakaanga tafi, wale samaki wadogo ambao Pate hata maskini hawakosi, na harufu ilikuwa inaingia dirishani kama inatukejeli. Niliona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu muda wote. Sheria ile ilikuwa na sehemu mbili, makatazo na karamu. Nyumba yenye kuku, kukatazwa samaki si neno. Nyumba isiyo na kuku, samaki ndicho kitoweo pekee, na ndicho kilichokatazwa. Karamu ilikuwa imekwenda na umaskini, makatazo yakabaki. Nilifungua mdomo niyaseme haya yote kwa ufasaha, na Bi Mwanate akanitangulia.

"Mamangu alinilisha kuku," akasema, hanitazami mimi, anamtazama binti yake. "Kila baada ya siku mbili, kuku. Mimi sina kuku. Nimeshika nusu ya maneno yake, na nusu nimeiwata."

Sijawahi kusikia mganga, daktari wala profesa akisema jambo gumu vile kwa maneno machache vile. Machozi yalinitoka, na sioni haya kuliandika.

Nikasema basi, kesho kliniki nitawatangazia akina mama wote kwamba samaki ni ruhusa. Akainuka.

"Hutatangaza kitu. Ukisema wewe, ni amri ya hospitali. Nikisema mimi, ni chakula."

Alitoka akaenda kwa jirani na sahani tupu, mchana kweupe, kila mtu anaona, akarudi nayo ina tafi watano wabichi. Akawapara, akawasugua ndimu na chumvi na manjano, akawaacha, akawaosha, akawasugua tena. Akasema kwa sauti ya kufika nyumba ya tatu kwamba samaki aliyesuguliwa ndimu mara mbili hana shombo, na mwenye kubisha aje anuse. Walikuja watatu. Wakanusa. Mwanahawa alikula wote watano na wali, mama yake amesimama juu yake kama askari.

Tulipatana siku saba. Nilimwambia wazi kwamba mtoto akishikwa na homa, au akiacha kunyonya, au mshale usipopanda, tunapanda boti kwenda Lamu saa hiyo hiyo. Akakubali. Mkebe nikaufunika kwa sufuria. Maji ya sukari yakakoma. Nilimwonyesha Mwanahawa kumshika mtoto vizuri, tumbo kwa tumbo, mdomo wazi mpaka ashike na weusi wa titi, na kumnyonyesha kila anapotaka, alfajiri ikiwamo. Kando ya kitanda tuliweka mtungi na kikombe: kila akikaa kunyonyesha, kikombe kwanza. Bi Mwanate alikwenda ukingoni mwa shamba la watu akachuma mchicha na majani ya kunde, akayapika kwa nazi, akatia simsim aliyokuwa ameiweka akiba ya kutengenezea vitafunio vya Idi. Picha yangu ya parachichi haikutajwa na mtu.

Likabaki la mwili. Mwanahawa alikuwa amelala wiki tatu, miguu imevimba kidogo, moyo umeanguka. Nilitaka atembee, na nilikuwa nimeshajifunza habari ya ukuta wa kufikia kiunoni. Nikamwuliza Bi Mwanate itakuwaje. Akafikiri, akamfunga binti yake mkaja vizuri, akampa tasbihi, akamtoa uani nyuma ya nyumba, ambako makuti yamezunguka mpaka juu ya kichwa.

"Zunguka ua," akamwambia. "Mzunguko moya, punje moya, Subhanallah moya. Zikitimia thelathini na tatu, ukae unwe mai."

Siku ya kwanza alifika kumi. Siku ya tatu alimaliza thelathini na tatu. Nilizunguka naye, na kwa kuwa tasbihi si yangu, nilichukua kiganja cha punje za simsim mkono wa kushoto, nikawa nahamisha moja moja kwenda wa kulia. Nilikuwa kijana mwenye nguvu na nilihema kabla yake. Siku ya nne alicheka kwa mara ya kwanza, akinicheka mimi.

Siku ya saba nyumba ilijaa wanawake. Hakuna aliyealikwa. Nilifunga mizani kwenye boriti, fundo likanishinda mara mbili. Aziza alilia kwa sauti mpya, sauti ya mtu mwenye madai. Mshale ukacheza. Bi Mwanate alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo, akapepesa.

"Mato yangu hayaoni nambari. Nambia wewe."

Nikasema Mashaallah. Kisha, kwa kuwa mkunga mwenyewe ameniamuru niseme mbele za watu, nikasema: kilo mbili na mia tisa. Amepanda gramu mia tatu kwa wiki moja. Amerudi alipozaliwa.

Sijui kwenu, lakini mimi sijawahi kusikia vigelegele kama vile, wala harusini. Vilianza ndani, vikatoka nje, vikapokelewa nyumba ya pili. Bi Mwanate hakupiga kigelegele. Alitafuta kikopo chake, akatia tambuu shavuni, akauliza nani anayo ndimu.

Aziza alitoka arubaini ana mashavu. Wiki hiyo hiyo nyumba nne zilikuwa zinasugua tafi mara mbili kwa ndimu, na mimi nikawa nakumbushwa na wazazi wapya, kwa ukali kidogo, kwamba ndivyo Bi Mwanate anavyosema. Nilijibu kwamba na mimi nimesikia. Mkitaka ushauri wangu kuhusu sifa, ni huo.

Walitembea tasbihi mpaka likawa jina la jambo lenyewe. Mama anaulizwa kliniki, umetembea tasbihi ngapi, anajibu mbili. Waliotoka arubaini walikuwa wanakwenda kwa kundi kwa njia ya miguu ya Siyu, watoto mgongoni, asubuhi, wakirudi na mboga, wakisema ni kazi ya shamba na kweli ilikuwa kazi ya shamba. Katika ripoti ya mwaka palikuwa na mstari unaouliza aina ya mazoezi na vifaa. Niliandika: tasbihi. Afisa mmoja wa bara alinipigia simu kuuliza mashine hiyo inaagizwa kutoka wapi na kama ina dhamana.

Baadaye nilitumwa Chundwa, halafu Kipungani. Msidhani nilihamisha kila kitu kama kilivyo. Kipungani akina mama wanasuka mikeka wamekaa kutwa, mtoto kwenye paja, mgongo umepinda, na tatizo lao halikuwa samaki, walikula samaki mpaka wakawachoka. Tatizo lilikuwa kutonyanyuka na kutogusa majani ya kijani. Huko tulipatana kwa ukili, ule mkanda wa miyaa, majani ya mkoma, unaosukwa kabla ya kuunganishwa mkeka. Kila ukifikia pima moja ya ukili, unanyanyuka, unazunguka nyumba, unakunywa maji. Sikulileta mimi. Nilikaa chini, nikauliza wanakula nini na siku yao inakwendaje, mpaka mmoja wao akalisema.

Nimefanya kazi na wataalamu wengi tangu hapo, na nimejaribu kuwaeleza jambo hilo hilo. Mizani inakuambia mtoto amefanyaje. Sahani ya mama inakuambia kwa nini. Uliza sahani kwanza, na uulize kama mtu anayetaka kujua, si kama askari wa kodi. Mwaka mzima nilipima watoto wa maskini nikawaandika, na mama zao wana njaa mbele yangu.

Wiki ya mwisho ya kazi niliomba kurudi kule nilikoanzia. Nilikuwa nimeambiwa Aziza amejifungua. Ndiyo, yule yule. Siku hizi kuna pikipiki mpaka mlangoni, nikaipanda, na nilipoteremka, ngazi tatu tu za mlangoni zikaniacha nahema. Aziza aliniona. Alikwenda jikoni akanipa kiganja cha simsim mkono wa kushoto, mama yake akacheka mpaka akakaa.

Nyumba sasa ina mabati na sakafu ya saruji, lakini boriti ya chumba cha ndani ni ile ile. Nilikuwa nimekuja na mizani yangu ya zamani, ile ya mshale, iliyokwisha kufutwa kwenye orodha ya vifaa. Tukaifunga. Tukamvisha mtoto kaptura. Akalia, mshale ukacheza. Nikavaa miwani, nikavua, nikavaa tena.

"Aziza," nikasema, "macho yangu hayaoni nambari. Nisomee wewe."

Akafungua mdomo. Na kutoka kitandani kwenye kona, ambako nilidhani bibi yake amelala, sauti kavu ikamkatiza. Bi Mwanate amekuwa mkongwe, haoni kabisa, siku nyingine hawatambui watoto wake. Mimi hakunitambua nilipoingia.

"Ngoja. Mamake yuwala nini?"

Aziza akageuka, akasimama wima kama mwanafunzi. Akasema jana amekula tafi watatu wa ndimu, wali, mchicha wa nazi na kunde, asubuhi uji wa simsim.

"Mai?"

"Kila nikinyonyesha, Bibi."

"Na tasbihi?"

"Mbili. Kesho tatu."

Bi Mwanate akatafuna, na hana kitu mdomoni. Chumba chote tulisubiri, mimi nikiwa wa kwanza, na daftari langu sijalifungua.

"Haya," akasema. "Sasa semani Mashaallah, mnambie nambari."